Ukingo wa Ruaha Mdogo: bustani ianzie kwenye maji, zege likae mbali

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Ipogolo, Manispaa ya Iringa. Tumekuwa tukijadiliana na wazee wa mtaa namna ya kupendezesha ukingo wa Ruaha Mdogo uwe sehemu ya watu kupumzika: ukuta wa zege wa kuzuia mto, pevingi, viti, taa, vibanda vya chakula na ukumbi wa sherehe. Mwenzetu mmoja ameshachora. Mifano ameitoa kwenye picha za Singapore. Ila wapo wanaosema sheria ya mita 60 hairuhusu kitu chochote, na wenye vinyungu, zile bustani za mboga za bondeni, wameanza kutununia. Je, jambo hili linawezekana? Na kama linawezekana, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na kamwene kwa wote wa Ipogolo. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali lako limenifurahisha kwa sababu mara nyingi mimi huitwa greda likiwa limeshashuka mtoni. Ninyi mmeuliza mapema, wakati kuuliza bado kuna faida.

Kwa kifupi: bustani inawezekana, ukuta acheni, ukumbi utafutiwe mahali pengine. Sasa nieleze sababu, maana hizo ndizo zitakazowasaidia mkisimama mbele ya diwani au mbele ya mwenye kinyungu.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayowatisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo shughuli zozote za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za mto kati ya zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Yasomeni maneno hayo taratibu. Hakuna mahali paliposemwa mtu asikanyage. Kinachokatazwa ni cha kudumu na cha kudhuru. Mti, majani, njia ya udongo ulioshindiliwa, benchi la gogo, hivyo mnaweza kwenda kuviombea. Msingi wa zege, choo na ukumbi, msipoteze nauli. Neno la mwisho juu ya kila kimoja ni la NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na la Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na hapo mna bahati ambayo miji mingi haina: makao makuu ya bodi hiyo yako hapo hapo Iringa.

Mimi sheria hii naipenda. Chukua kilomita moja ya mto, zidisha kwa mita 60, unapata hekta 6 kwa upande mmoja. Pande zote mbili hekta 12. Niambie ni wapi pengine katika manispaa yenu mtapata hekta 12 ambazo sheria imeshakataza zisikatwe viwanja. Maeneo ya wazi ya miji yetu yanaliwa kidogo kidogo: mwaka huu uwanja wa mpira unapunguzwa kona moja, mwaka kesho kona ile ina fremu za maduka. Ukingo una ulinzi ambao uwanja wa mpira hauna. Nawasihi msiwe ninyi wa kuutafutia upenyo.

Linakuja suala la kupima. Mita 60 kutoka wapi? Septemba Ruaha Mdogo umenywea, mtu unaweza kujidanganya kwamba ukingo ni pale miguu inapolowa. Machi mambo ni mengine. Pimeni kutoka pale maji yanapofika mto ukiwa umejaa, na waombeni watu wa Bonde waje wawaonyeshe wao wenyewe, maana ndio wenye takwimu za maji na ndio wanaoweka bikoni.

Na mto wenyewe huacha alama. Mwezi wa Juni mwaka mmoja nilitembezwa kwenye ukingo wa mto mwingine hapa Nyanda za Juu Kusini, mvua zimekwisha, ardhi imekauka, ng'ombe wanakula majani. Mwenyeji wangu alikuwa ananionyesha mahali alipotaka kuweka jukwaa la wanamuziki. Juu yetu kulikuwa na mkuyu. Kwenye tawi lake moja, usawa wa kifua changu, kulikuwa na kipande cha kiroba, mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto, vyote vimesokotana kama kiota cha ndege. Nikamwomba aiguse ile kandambili. Aliishika, akatazama chini tulipokuwa tumesimama, akatazama mto ulivyokuwa mbali. Mazungumzo ya jukwaa yaliishia pale. Tafuteni viota vya namna hiyo kwenye miti yenu, na waulizeni wazee maji yalifika wapi mwaka ambao mto ulijaa kuliko yote wanayoikumbuka.

Sasa ukuta. Najua unaonekana ndiyo kazi ya maana, kwa sababu ndicho kitu kinachopigwa picha. Lakini fikirini mto unafanya nini ukijaa. Unatafuta mahali pa kutandaza maji. Ukingo wa chini, ule wa majani na matete, ndiyo nafasi hiyo: maji yanatanda, mwendo unapungua, tope linatua, na baada ya saa au siku kadhaa maji yanarudi kwenye njia yake. Ukiubana mto kwa ukuta, maji hayapungui hata ndoo moja. Yanapanda kimo na kushika kasi, na kasi hiyo inakwenda kumalizikia kwa jirani wa chini, au kwenye nguzo za daraja, au pale ukuta unapokomea, ambapo mto huanza kuchimba kwa nyuma. Nimewahi kuona ukuta wa namna hiyo umelala kifudifudi mtoni kabla haujamaliza misimu mitatu. Saruji haikuwa na kasoro, nondo zilikuwemo. Maji yalizunguka nyuma yake yakala udongo, basi.

Mkitembea ukingoni, angalieni pia kona. Mto hukata upande wa nje wa kona na kulaza mchanga upande wa ndani. Upande wa nje ndipo pa kulinda, na ulinzi wake ni mizizi, majani ya vetiva, mahali penye hatari kweli kweli gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zilizopandiwa miti katikati. Upande wa ndani ndipo watoto watakapotaka kucheza, kwa sababu kuna mchanga na maji ni ya miguuni. Mchoro wa mwenzenu umeweka viti vyote upande wa nje kwa sababu mandhari ni nzuri. Ni kweli ni nzuri. Ila huko ndiko ardhi inakoondoka.

Na kwa kuwa mmeitaja Singapore, niwaambie wao walifanya nini. Katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio kulikuwa na mfereji wa zege ulionyooka, kilomita 2.7, ambao mto Kallang ulikuwa umefungiwa ndani yake tangu zamani. Waliubomoa. Kazi ilipokamilika mwaka 2012, mahali pa mfereji palikuwa na mto unaopindapinda wa kilomita 3.2, kingo za majani na mawe, ndani ya bustani ya hekta 62. Siku kavu watu wanashuka hadi kwenye maji. Mvua kubwa ikija, ving'ora na taa vinawaonya wapande juu, na bustani yenyewe inageuka kuwa njia ya mafuriko. Kesho yake maji yameshuka, wanafagia tope, wanaendelea. Waliobomoa zege hawakuwa na shida ya fedha. Walikuwa wameishi na zege muda mrefu wakaona kasoro zake.

Seoul, Korea Kusini, nako hutajwa sana. Kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa na barabara ya juu. Kati ya 2003 na 2005 wakaibomoa barabara na kukifungua kijito kwa takriban kilomita 6. Kazi nzuri, na watu wanaipenda. Lakini kijito kile huwa kikavu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo maji yake yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Han, kila siku, na bili ya umeme inalipwa kila mwezi. Ninyi mna mto unaotembea wenyewe bure. Nawaomba mtambue ukubwa wa jambo hilo.

Ruaha Mdogo unatoka kwenye nyanda za Mufindi, unapita chini ya mji, kisha unaungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto wenu unaingia chini ya hapo, hivyo maji yake yanapata uzito mkubwa zaidi kwa Mtera, ambako kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, halafu Kidatu yenye megawati 204, halafu Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Kabla ya yote hayo, mji wa Iringa wenyewe unakunywa mto huu. Chochote mtakachokiruhusu kuingia majini pale Ipogolo kuna mtu anakisubiri huko chini, na chochote kinachotoka juu yenu mnakisubiri ninyi.

Ndiyo maana, mwanangu, jambo la kwanza la kujengwa si benchi wala taa. Ni mdomo wa mtaro.

Iringa imekaa mlimani na Ipogolo iko chini. Mvua ya nusu saa ikipiga mjini, mitaro inateremsha kwenu kila kilichoachwa barabarani: chupa za maji, nepi, oili ya gereji, maganda, mchanga wa ujenzi, na maji ya vyoo vilivyofurika. Pandeni maua mnavyotaka. Mvua mbili tu zitawatandikia takataka juu yake, na watu watasema vijana wameshindwa kutunza. Kwa hiyo nendeni mkahesabu midomo ya mitaro inayoingia mtoni katika kipande chenu. Kila mdomo, kabla maji hayajaingia ndani ya zile mita 60, chimbeni kibwawa cha kutulizia, kipana lakini kina chake kisizidi magoti. Sehemu ya kuingilia kuwe na chujio la nondo lenye nafasi ya vidole vitatu hivi kati ya nondo na nondo, linaloweza kunyanyuliwa na kusafishwa. Mchanga unatua kwenye kibwawa, chupa zinakwama kwenye chujio. Kuanzia hapo maji yateremkie kwenye mfereji mpana wa mawe uliopandwa matete hadi mtoni, taratibu, bila kuchimba. Sakafu ya kibwawa iwe na mteremko kidogo ili kikauke ndani ya siku tatu nne. Viluwiluwi vinahitaji kama wiki nzima kugeuka mbu, kwa hiyo kibwawa kinachokauka mapema hakizalishi malaria. Mchanga mtakaouzoa mnaweza kuupeleka kwa mafundi.

Kazi hii haina utepe wa kukata. Lakini nimeona mahali palipoanza na mtaro na mahali palipoanza na maua, na tofauti yake haihitaji kuonyeshwa na mtaalamu.

Miti sasa. Najua kando ya mito mingi ya kwetu kuna milingoti, yaani mikaratusi, iliyopandwa na watu wenye nia njema. Inakunywa maji mengi na chini yake haioti hata nyasi, kwa hiyo mvua inakuta udongo uko uchi. Iondoeni, ila msiifyeke yote msimu mmoja, kwa sababu mizizi yake, pamoja na ubaya wote, ndiyo inayoshika ukingo kwa sasa. Kateni mstari mmoja, pandeni mivengi na mikuyu kwenye nafasi, ikisimama, kateni mstari mwingine. Mvengi ni mti wa kwetu, unapenda miguu yake iwe majini, na kivuli chake ni kizuri. Mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, nayo inashika udongo vizuri sana, na mwenye mianzi yake pale ana sababu ya kuilinda mwaka mzima. Sioni ubaya bustani ya Iringa ikawa na kona yenye mianzi inayogemwa masika. Itakuwa ya hapa kweli.

Kuhusu nyasi za kukata kwa mashine, zile za zulia, fanyeni hesabu kabla. Hekta moja ya nyasi za namna hiyo wakati wa kiangazi inataka karibu milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni lita 50,000 kila siku. Iringa mvua zinakwisha Mei na hazirudi hadi karibu Desemba. Mtayatoa wapi, katika miezi ambayo mto umeshuka na mji unataka kunywa? Acheni nyasi za asili, zikauke Agosti, zirudi Desemba. Watu wa hapa wamezoea ardhi kuwa ya kahawia kiangazi na hakuna atakayewacheka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kusema kweli, ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Umeandika wenye vinyungu "wameanza kutununia", umeiweka sentensi hiyo mwishoni kama usumbufu mdogo. Mwanangu, ukingo ule hauko mtupu. Kuna mama analima mboga pale Julai mpaka Oktoba, na mboga hizo ndizo ada ya mtoto. Kuna wafyatua tofali. Kuna vijana wa rika lenu wanaosha pikipiki na magari. Kuna wanaofua, wanaochota mchanga, wanaonywesha ng'ombe. Ukichora bustani bila wao, umechora amri ya kuwafukuza hata kama hukukusudia.

Jijini Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka 2015, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Ni kweli bonde lile lilikuwa hatari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu. Lakini kubomoa peke yake hakukuleta bustani wala hakukuzuia maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde hilo hilo, na safari hii mradi una fidia, una kuhamisha watu kwa utaratibu, una daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa sehemu ya chini ambayo mto utaruhusiwa kuifurika. Kuna miaka saba kati ya ubomoaji na mkopo. Ninyi msipite njia ile.

Sitawadanganya wenye vinyungu kwamba wataendelea kulima hadi kwenye maji. Jembe linalegeza udongo wa ukingo, mvua ya kwanza inaupeleka Mtera, na sheria haiko upande wao. Lakini kuna mengi kati ya kuwaachia na kuwafukuza. Kaeni na kila mmoja kwa daftari: jina, amekuwa pale tangu lini, kipande ni hatua ngapi, analima nini, anaingiza kiasi gani kwa msimu. Daftari hilo lisainiwe na mwenyekiti wa mtaa na wenye vipande wenyewe wabaki na nakala. Mwenye haki ya ardhi, hata ya kimila, akitakiwa kuondoka anastahili kuthaminiwa na kulipwa, na uthamini ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, haufanywi kwa kukadiria kwenye kikao. Wengine mtakuta wako tayari kusogea nje ya mita 60 mkiwasaidia kupata maji kule. Bomba moja na tanki huenda vikamaliza ugomvi mzima. Na bustani itataka watu wa kuotesha miche na kuitunza. Nani anaijua ardhi ile kuliko aliyeilima? Nafasi za kwanza za kazi ziwe zao, na hilo liandikwe kabla ya mti wa kwanza kupandwa.

Waosha magari wapelekwe barabarani, kwenye sakafu ya zege yenye mtego wa oili, na wateja watawaona vizuri zaidi huko. Wanaofua watafutiwe karo nje ya ukingo yenye shimo lake la maji machafu. Mashimo ya tofali yaliyoachwa msiyasahau: mtoto anaweza kuzama pale masika. Yale ya karibu na mitaro huenda yakafaa kuwa vile vibwawa vya kutulizia, yakisawazishwa yasiwe na kina. Mengine yafukieni.

Kuhusu vibanda vya chakula sina shaka hata kidogo: muwe navyo, ila nje ya mita 60, pamoja na vyoo, maegesho na taa kubwa. Mahali penye harufu ya mahindi ya kuchoma na chai ya tangawizi jioni ya baridi ya Iringa watu watakuja wenyewe, na penye watu wengi wa kawaida mwanamke anapita bila woga. Forodhani pale Unguja ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na kinachoifanya iishi usiku ni wauza chakula na ukweli kwamba hakuna mtu getini wa kukuuliza tiketi. Msiweke kiingilio. Nawasihi kwa nguvu zote. Siku mtakapoweka mia tano, mtoto wa Ipogolo ataiangalia bustani ya kwao kupitia kwenye uzio, naye ndiye aliyekuwa anaogelea pale kabla yenu.

Fedha za kuitunza zitoke wapi basi? Hili linanigusa. Mwanzoni mwa kazi yangu nilishiriki kuchora bustani katika mji fulani. Siku ya uzinduzi ilikuwa kijani kibichi, bomba zinarusha maji, choo kina vigae vyeupe. Nilirudi baada ya miaka miwili, mwezi wa Oktoba. Koki zote zimeng'olewa. Choo kina kufuli na mwenye ufunguo alikuwa amehamishwa kikazi. Nyasi zimekuwa vumbi. Watu watano tu niliwakuta, chini ya mwembe mmoja mkubwa, wanacheza drafti kwa visoda. Ule mwembe hatukuupanda sisi. Kwenye mchoro wangu ulikuwa umepangiwa kukatwa, mkandarasi akachelewa kuukata mpaka muda wake ukaisha. Tangu siku ile, kabla sijachora chochote, naenda kutafuta watu wameshakaa wapi wenyewe, na naandika gharama za mwaka wa tatu kabla ya gharama za uzinduzi.

Fanyeni hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa watu wanne, wawili wa usafi na wawili wa ulinzi, kila mmoja shilingi 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni 600,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka, kabla hujanunua fagio. Kodi ya vibanda italipa sehemu. Wapiga picha wa harusi na wa mahafali, na Iringa ina vyuo vya kutosha, wanaweza kulipia kibali cha siku. Kikundi chenu kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya kitalu cha miche. Miche ya mivengi na ya matunda ina soko. Kinachobaki kiingie kwenye bajeti ya manispaa kwa maandishi. Kama hakuna aliye tayari kukiandika, punguzeni ukubwa wa bustani mpaka fedha iliyopo itoshe.

Mnaanzia wapi? Anzeni na mita 200 tu za ukingo, hekta 1.2, zenye mdomo mmoja wa mtaro ndani yake. Chagueni mahali ambapo tayari kuna njia za mkato zilizokanyagwa. Hizo ndizo zitakuwa njia zenu, msichore nyingine. Barua iende kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike kwa afisa mipango miji wa manispaa ili eneo liingizwe kwenye mchoro kama eneo la wazi, kwa sababu lisipokuwa kwenye mchoro kuna siku atakuja mtu na karatasi yake. Bonde la Rufiji waje wapime. NEMC waulizwe kwa maandishi kama kipande cha ukubwa huo kinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na jibu lao mlihifadhi. Ulizeni pia kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji upande wenu, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua, na mwamvuli huo una nguvu kuliko kikundi peke yake.

Barua zikiwa njiani, fanyeni kazi isiyohitaji kibali cha mtu. Tafuteni vigingi kumi vya mti mgumu, vya kimo cha mtu, pakeni rangi nyekundu na nyeupe kwa kupokezana kila sentimita 20. Vipigeni kwenye mstari mmoja kutoka ukingoni kwenda juu, kila baada ya hatua sita, wenye vinyungu wakiwepo na wakishika nyundo. Kila mvua kubwa kuanzia Desemba mpaka Aprili, mmoja wenu ashuke maji yakianza kupungua, aandike tarehe na rangi ya mwisho iliyolowa kwenye kila kigingi. Mbegu za mivengi ziokotwe matunda yakiiva na zioteshwe zikiwa mbichi, maana zikikauka hazioti. Mei nitumieni lile daftari la vigingi pamoja na lile la watu, na mchoro wa mwenzenu. Tutauchora upya pamoja juu ya hayo mawili.